Jitu la Mabua la Modrzynka

Jumatatu, 18 Agosti

Amekuja na kamusi. Miezi mitano tu hapa kijijini, na tayari ana nafasi yake kwenye benchi la dukani. Gracjan Sobolta, mpima ardhi mstaafu kutoka Wrocław. Mfupi. Viatu vidogo, vinang'aa. Leo asubuhi, mbele ya watu wanne na Bi Leokadia, kasema kwa upole kabisa kwamba neno letu la Kipolandi, olbrzymi, halikuzaliwa hapa Modrzynka.

Niandike polepole. Olbrzymi si kubwa tu. Ng'ombe ni mkubwa. Kanisa la mjini ni kubwa. Olbrzymi ni kitu ambacho kikitaka kukaa, nyumba ndiyo inayosogea. Kwa miaka thelathini na minane nimewaambia watoto wa hapa, na wazazi wao, na wajukuu, kwamba neno hilo limetokana na Bwana Olbrzycht, mwenye mashamba wa zamani wa hapa hapa, pande la mtu, farasi wake wakibadilishwa kila nusu ya safari. Lipo na jiwe kwenye kituo cha basi: Hapa ndipo neno lilipozaliwa. Chini yake: Imethibitishwa na Mwl. Augustyn Wróblik. Herufi ndogo mno, lakini hilo nilishalilalamikia.

Gracjan anasema limetokana na Obrzy, wapanda farasi kutoka mashariki, karne ya sita, wengine huwaita Avari. Waliwatesa mababu zetu mpaka jina lao likawa jina la jitu. Eti zamani watu walisema obrzym. Ile l ilijipenyeza baadaye. Bi Leokadia akamuuliza kama kweli walikuwa warefu. Akajibu kwamba pengine walikuwa watu wa kimo cha kawaida tu, anayeogopa ndiye anayerefusha. Bi Leokadia akacheka. Hajacheka hivyo tangu afiwe na mumewe. Kwangu mimi hucheka kwa adabu.

Sasa ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Najua. Nimejua tangu chuoni. Bwana Olbrzycht nilimtunga mwaka 1987, mkaguzi wa shule aliponiuliza Modrzynka ina nini cha pekee. Nikachungulia dirishani. Hapakuwa na kitu.

Na mwaka huu ni zamu yetu kuandaa sikukuu ya mavuno. Jumapili ya tarehe 31, vijiji saba vitakuwa hapa. Mtu atasimama kando ya lile jiwe na kueleza neno. Atakayechaguliwa atachaguliwa na Umoja wa Akina Mama, yaani Bi Leokadia, mwenyekiti wao. Mara zote nimekuwa mimi. Akisimama Gracjan, jiwe litang'olewa na mimi pamoja nalo.

Si wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepanda basi la saa mbili kwenda maktaba ya kata. Mpango ni rahisi: wana kamusi moja ya asili ya maneno. Nikiiazima mimi, haiazimwi na mwingine. Nimeiweka chini ya kabati, nyuma ya mitungi ya matango ya chumvi.

Mkutubi akaniambia nisiharakishe kuirudisha. Bwana Gracjan wiki jana katoa msaada wa nakala tatu mpya. Mtu mwema sana yule, akasema. Mtu wa watu.

Mgongo unauma. Kamusi nzito.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua ya juzi imeleta uyoga. Nimeamka mapema, nimejaza kikapu, nimeosha mmoja mmoja kwa brashi ya meno. Nikampelekea Bi Leokadia. Nikiwa naye peke yake, jambo la nani atasema Jumapili lingejimaliza lenyewe.

Dirishani kwake nikakuta uyoga umetungwa kwenye uzi, unakauka. Mita na mita. Nikauliza umetoka wapi. Kasema yeye na Bwana Gracjan waliuchuma jana, ng'ambo ya reli, pale pa marehemu.

Pale pa marehemu! Nimejikalisha kwenye kiti chake cha jikoni bila kukaribishwa. Mumewe alikufa bila kumwambia hata ndugu yake mwenyewe mahali pale palipo. Hapa kwetu mtu atakuonyesha wosia wake kabla hajakuonyesha panapoota uyoga wake. Miaka tisa nampelekea kuni. Miaka tisa sijasogezwa hata ukingoni mwa ule msitu.

Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua. Nje kulikuwa na mawingu. Akapokea kikapu changu, akanishukuru, akauweka uyoga wangu sakafuni, chini ya ule wa uzi.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya Misa padri ametangaza: Alhamisi, saa kumi na moja jioni, ukumbi wa zimamoto, Bwana Gracjan Sobolta atazungumzia majitu na jina lao. Wote mnakaribishwa. Hieronim, mwenyekiti wa kijiji, akanikonyeza. Kasema, "Mwalimu, safari hii kaa nyumbani, upumzike." Upumzike! Kama vile mimi ni farasi wa Bwana Olbrzycht.

Nimerudi nyumbani nimevimba. Nikatazama kalenda ya ukutani ili nijue nina siku ngapi za kuishi. Na hapo ndipo mbingu zikafunguka. Alhamisi, 28 Agosti. Chini ya tarehe, kwa herufi nyekundu: Augustyn.

Siku ya jina langu! Sikukuu ya mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake, ambayo kwetu huishinda siku ya kuzaliwa.

Ni kweli, maisha yangu yote nimeiadhimisha tarehe 28 Mei, kwa Augustyn yule mwingine. Na Mei hii walikuja, wakala, wakaimba. Lakini Augustyn wako wawili kwenye kalenda, na mtu ana haki ya kuchagua wake. Nahamia wa Agosti. Kijiji kizima kitakuwa mezani kwangu saa kumi na moja, na Gracjan atavihutubia viti.

Sitaalika mtu. Siku ya jina haialikiwi. Mtu mwenye heshima zake hukaa kwake, meza tayari, na watu hujijia wenyewe. Kualika ni kuombaomba.

Jumatano, 27 Agosti

Nimepika tangu asubuhi. Kwato za nguruwe zimegandishwa kwenye bakuli nne. Saladi ya njegere, karoti na mayonezi, beseni zima. Samaki wa chumvi na vitunguu. Keki mbili, ya jibini na ya plamu. Vodka iko kwenye ndoo ya kisimani. Viti nimeazima kwa jirani, ambaye ameuliza vya nini. Nikatabasamu tu. Yeye akitazama kalenda yake ataelewa.

Nimekodolea macho keki ya jibini. Imepasuka katikati. Ya Bi Leokadia haipasuki kamwe.

Alhamisi, 28 Agosti

Saa kumi. Shati jipya.

Saa kumi na nusu. Wanapita watu barabarani, wamevaa vizuri. Nimesimama mlangoni ili wasipotee. Wakanipungia mkono. Wakaendelea.

Saa kumi na moja. Watu huchelewa.

Saa kumi na moja na robo. Kutoka ukumbi wa zimamoto nasikia vicheko. Vingi.

Saa kumi na mbili. Nimekula kwato bakuli moja, ili zisionekane hazijaguswa.

Saa kumi na mbili na nusu, mlango ukabishwa. Bi Leokadia! Peke yake! Anahema, nywele zina vipande vya mabua. Nikasogeza kiti. Akasema hakai, ana haraka, amekuja kuazima bereti yangu ya zamani, ile ya kahawia niliyokuwa nikivaa shuleni, na kama ninayo miwani mibovu nimpe pia.

Akaiona meza. Viti kumi na sita. Akauliza namngoja nani.

Nikasema simngoji mtu. Ndivyo ninavyokula Alhamisi.

Akachukua kijiko, akaonja saladi akiwa amesimama, akasema ina chumvi ya kutosha. Kisha akaondoka na bereti yangu na miwani yangu.

Nimelitafakari hili nikiwa na bakuli la pili. Ni wazi. Gracjan ana kipara na ukumbini kuna upepo. Sasa anamvisha nguo zangu.

Ijumaa, 29 Agosti

Saladi asubuhi. Saladi mchana.

Nimepita ukumbini kurudisha heshima yangu. Mlango umefungwa kwa ndani. Nyundo zinagonga, trekta la Hieronim liko uani na marobota ya mabua, yale ya mviringo, makubwa kunizidi. Wanajenga jitu la sikukuu. Kila kijiji hujenga lake. Mwaka jana Kaczelin walijenga nguruwe wa mabua akiendesha baiskeli, wakashinda, na hawajanyamaza mpaka leo. Nikabisha. Hieronim akachomoa kichwa, kasema, "Mwalimu, huku hapana. Kitu olbrzymi. Utakiona Jumapili." Nyuma yake nikasikia sauti ya Gracjan ikitaja vipimo. Mita nne na nusu. Kiuno mita mbili.

Nikamuuliza Hieronim nani atasema Jumapili. Akasema hilo analijua Bi Leokadia. Akafunga mlango.

Nimekwenda nyumbani nikipiga hesabu za kichwa. Wanajenga Obr. Mpanda farasi wa kutoka mashariki, mita nne na nusu, kando ya jiwe langu, mbele ya vijiji saba! Na Gracjan chini yake na kamusi. Na Leokadia kando ya Gracjan. Roho inaniuma mpaka kwenye meno.

Wahenga wa kwetu husema mgeni ndani ya nyumba, Mungu ndani ya nyumba. Wahenga hawakuwahi kupata mgeni kama huyu.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimefanya jambo. Naliandika kwa utulivu.

Saa sita mchana jitu lilikuwa limeshasimamishwa njia panda, juu ya kilima kidogo karibu na jiwe, limefunikwa turubai kuanzia juu mpaka chini. Akina mama wakaenda kula. Wanaume wakaenda kuangalia akina mama wanakula. Ngazi wakaiacha.

Nikapanda. Kwa umri wangu! Nikapenyeza mkono chini ya turubai, nyuma ya shingo. Kichwa ni robota dogo, limeshikwa kwa vigingi vinne vya chuma. Nikavichomoa vitatu. Cha nne nikakilegeza tu. Kesho wakivuta turubai, kichwa cha Obr kitainamia kifuani kidogo, watu watacheka, Gracjan atapoteza uzi wa hotuba, na mimi nitakuwa karibu, nimesimama, nimevaa suti, tayari kusema yanayojulikana.

Kuinama tu. Sikutaka zaidi ya hapo.

Vigingi nimevitia mfuko wa koti.

Jumapili, 31 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Jua zuri. Vijiji saba. Mataji ya masuke, bendi ya zimamoto, padri, kamati ya majaji. Bi Leokadia mbele kabisa, kavaa shanga nyekundu, kashika mkate wa mavuno kwa mikono miwili. Gracjan hana bereti. Hilo nililiona nikashangaa kidogo, lakini nilikuwa na mengi.

Hieronim akasema maneno mawili matatu. Kisha akamwita Gracjan. Gracjan akasema kwamba yeye ni mgeni, hana haki ya kusema mengi, na kazi yake ilikuwa kupima tu. Akavuta kamba.

Turubai likaanguka.

Bereti ya kahawia. Miwani. Koti la mabua yaliyosukwa, chaki ya gogo zima mkononi, mfuko wa koti umetuna vitabu. Masharubu yangu! Mita nne na nusu za mimi. Shingoni limening'inia bao: MWALIMU WETU. OLBRZYMI. Na chini yake, kwa herufi kubwa za kutosha, naapa: Kamusi inasema neno limetoka kwa Obrzy. Modrzynka tumelipata kwake.

Watu wakapiga makofi. Wote wakanigeukia. Watoto niliowafundisha, wazee sasa, na wajukuu mabegani. Nilitaka kupiga kelele kwamba wasiguse kitu, wasimame walivyo, na nikawa naikimbilia ngazi.

Upepo ukaja, mdogo tu.

Kichwa hakikuinama. Kilidondoka. Kikadunda kwenye tumbo langu la mabua, kikashika mteremko, kikapita katikati ya bendi, ambao kwa nidhamu ya zimamoto hawakuacha kupiga, kikaipindua meza ya majaji, kikaenda kusimama miguuni pa Bi Leokadia. Bereti haikutoka. Kikawa kimelala pale kikimtazama kutoka chini, kwa miwani yangu.

Kisha Bi Leokadia akasema, akikiambia kichwa, "Haya, Mwalimu, umefika."

Ulimwengu mzima ukacheka. Nami nikacheka, ingawa sijui nilitoa sauti gani.

Gracjan ndiye aliyekikimbilia, akakibeba, akapanda ngazi na viatu vyake vinavyong'aa, akakirudisha. Hieronim akaulaumu upepo. Nafasi ya pili. Ya kwanza Kaczelin, kuku wa mabua anayetaga kweli kwa mota.

Walipokuwa wakigawa supu, Bi Leokadia akaja kukaa kando yangu. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kile cha Obrzy kwenye bao kilikuwa cha nini. Akasema kijiji kizima kinajua. Wanajua tangu 2004, binti yake Kinga alipoingia chuo kikuu, akafungua kamusi wiki ya kwanza, akapiga simu nyumbani analia. Walikaa kikao. Wakaamua wanyamaze.

Nikauliza kwa nini.

Akasema, "Kwa sababu ulikuwa unalisimulia vizuri. Na watoto wetu popote waendapo husema wametoka kijiji cha neno kubwa. Ukweli upo kwenye kamusi, Mwalimu, hauendi popote. Wewe ndiye utakayeondoka siku moja."

Akasema pia kwamba jitu lilikuwa wazo la Gracjan. Alhamisi, baada ya kueleza habari za Obrzy, aliwauliza wangependa nani asimame pale njia panda. Kwa kuwa mimi sikuwapo ukumbini, wakaona ndiyo nafasi ya kulijenga. Wa kusema Jumapili nilikuwa mimi, mara tu baada ya turubai. Hakuna aliyewahi kufikiria mwingine.

Kwa hiyo hotuba sikuitoa. Ningesemaje?

Aliponiacha nikainuka, na koti likalia. Vigingi vitatu, mfukoni. Vikalia tena. Gracjan alikuwa amekaa meza ya pili. Akainua macho.

Jumatatu, 1 Septemba

Gracjan amekuja asubuhi. Nilidhani amekuja na Hieronim, au na polisi, au na Leokadia, ambaye ndiye mbaya zaidi. Alikuja peke yake, na kigingi cha nne. Akakiweka mezani. Akasema amekiokota majanini, na kwamba kama ninavyo vile vitatu, angependa akakaze shingo vizuri kabla ya mvua.

Nikavitoa. Akavihesabu, akavifuta kwa kitambaa, akavitia mfukoni. Hakuuliza kitu. Nikamkaribisha saladi, maana bado ipo. Akala sahani mbili. Akasema kwamba aliona jina langu kwenye kalenda siku ile, akawaambia watu, wakamwambia hapana, Mwalimu ni wa Mei. Akaniomba radhi kwa kutokuja.

Ameniomba radhi. Mimi! Hajamwambia mtu, na hatamwambia. Nimemtazama akishuka barabara, mfupi vile, na nikaona kwamba mtu huyu ananichokoza kwa makusudi. Kumsamehe mtu bila hata kumgombeza kwanza ni kiburi kikubwa sana.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekaa dirishani siku mbili. Kutoka hapa naliona jitu lote, shingo imekaza.

Leo saa tatu asubuhi Bi Leokadia alipita kwenda dukani. Akasimama mbele yake. Akalisalimu. Lile jitu, si mimi, na mimi nilikuwa nimefungua dirisha. Akalitengeneza koti kwa fimbo ya mwavuli. Akaliwekea maua kwenye mfuko wa koti, yale ya zambarau ya bustanini kwake, ambayo hajawahi kumchumia mtu aliye hai.

Kisha akaongea nalo. Dakika sita, nimepima kwa saa. Habari za goti lake, za Kinga, za mumewe, mpaka akajifuta macho. Goti lake! Miaka tisa sijaambiwa lolote kuhusu goti. Na lenyewe limesimama tu, limetuna, limejaa mabua mpaka kichwani, halimkatizi, halimsahihishi, linamsikiliza.

Lina nini ambacho mimi sina?

Na Hieronim anasema litabaki mpaka theluji. Miezi mitatu!

Nimeandika barua kwa idara ya barabara, bila jina. Kwamba njia panda ya Modrzynka ina kitu olbrzymi kinachowazuia madereva kuona, ni hatari, kiondolewe upesi. Mwandiko nimeupinda kushoto ili usijulikane. Kwenye neno lenyewe nimeweka maelezo mafupi ya asili yake, ili wasije wakadharau.

Posta yetu hufungwa Jumatano. Kwa bahati nzuri Gracjan anakwenda mjini mchana huu. Nimempa bahasha aitumbukize.